Uso wa Thelathini na Sita

Wadogo zangu, nimestaafu. Msicheke. Najua nina miaka kumi na saba, na mwalimu wa hesabu bado ananisimamisha ubaoni kama mtoto wa jana. Lakini kazi ya kupanga foto nimeifanya miaka minne pale studio ya Yaya Zubeda, dada mkubwa wa sisi wote, Kasongo, nyuma ya soko. Sasa mwaka wa mtihani wa serikali umenifikia, na yaya amesema niwaachie ninyi mashine. Mstaafu ni mtu aliyeachia mashine. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba lazima awe na mvi na kikohozi.

Basi kaeni, niwaambie kabla hamjaharibu kitu. Mtaharibu tu, lakini angalau muharibu vitu vipya. Vya zamani nimekwisha kuviharibu mimi.

Mashine mnayorithi ni ordinatere, kompyuta ambayo Yaya Zubeda alitoka nayo Kindu alipomaliza masomo. Kile kibao cha kusukumia mshale kilikufa kabla sijaijua. Kioo kina doa jeusi kwenye kona ya juu, mkono wa kushoto, na chochote kinachokwenda pale hakionekani tena. Kwa hiyo msitafute kubonyeza vipicha. Kuna dirisha jeusi, kuna herufi nyeupe, mnaandika amri, mashine inatii. Wageni wakiona wanadhani ninyi ni wataalamu wakubwa. Waacheni wadhani hivyo.

Kazi yenyewe ni hii: watu wanaleta nyuso nyingi, karatasi ya foto ni moja. Karatasi zinafika hapa mgongoni mwa motari, dereva wa pikipiki, na mvua ikinyesha njiani zinafika zimekunjamana kama sambusa. Ndiyo maana tunapanga nyuso nyingi kwenye karatasi moja, mistari kwa mistari, kila mtu na chumba chake. Amri ni hii, iandikeni:

montage *.jpg -tile 6x6 -geometry 300x300+8+8 ../karatasi.jpg

Montage mnaijua, ni kuunganisha. Ile nyota inasema "chukua foto zote zilizomo humu". Sita kwa sita ni vyumba sita kwenda kulia na safu sita kushuka. Ile geometry ni ukubwa wa kila uso, na nane nane za mwisho ni nafasi ya kupumulia kati ya jirani na jirani. Mkisahau geometry, mashine inachagua yenyewe, na inachagua udogo. Mimi nilisahau siku ya timu ya mpira. Kapiteni alishika karatasi, akaisogeza puani, akaisogeza mbali, akaniuliza: "Huyu ni mimi ao ni inzi alitua?"

Sasa angalieni zile nukta mbili na mkwaju kabla ya neno karatasi. Zinasema toleo liwekwe nje ya dosie, yaani folda, ya foto. Mimi zamani niliona ni mapambo, nikaziacha. Siku ile walikuja wamama wa kwaya, ishirini na nne. Nilitoa karatasi ya kwanza, rangi haikunipendeza, nikarudia amri. Nikarudia tena. Kumbe karatasi ya kwanza ilibaki humo ndani pamoja na foto, na ile nyota inachukua kila kitu, haichagui. Ya pili ikatoka na kwaya nzima, na katikati yao kwaya ndogo. Ya tatu ikatoka na kwaya, ndani yake kwaya, ndani yake kwaya nyingine ndogo kama punje. Mama kiongozi akaitazama muda mrefu. "Mutoto," akasema, "mbona tunajizaa?"

Kuna amri nyingine inaitwa mogrify. Hiyo muiogope kama mnavyomuogopa prefe, mkuu wa shule. Ukiiambia ipunguze foto, haitoi nakala, inapunguza ileile ya asili, na kubwa haipo tena. Niliifanya kwa foto za harusi nzima. Yaya Zubeda hakunipigia kelele. Alinipa kamera, akaniambia: "Nenda nyumba kwa nyumba, uwaombe wavae tena." Nilikwenda. Bibi harusi alivaa tena. Bwana harusi alikuwa amekwenda kuchimba dhahabu Lusangi, kwa hiyo mpaka leo kwenye albamu ile amesimama kaka yake, amegeuka pembeni kidogo.

Halafu kuna mpangilio. Mashine inapanga kwa alfabeti, haijui nani alizaliwa kwanza. Familia moja ya Kabambare walileta ndugu kumi na wawili. Mashine ikamuweka Amisi, kitinda mimba, pale juu kwenye chumba cha kwanza, na Yuma, kifungua mimba, mwenye wake na wajukuu, ikamtupa chini kabisa. Muzee Yuma alikataa kuigusa karatasi. Alisema: "Mimi nilimubeba huyu Amisi mugongoni. Leo amekaa juu ya kichwa yangu?" Tangu siku hiyo, watu wakitaka ukubwa na udogo, ninabadilisha majina ya faili kwa namba. Na msiandike 1 na 2, andikeni 01 na 02. La sivyo wa kumi atakaa mbele ya wa pili, na mtasikia hadithi ya mugongo tena.

Bon. Hayo yote ni makosa ya kuchekesha. Sasa nawaambia moja ambalo halikunichekesha, ingawa lilianza kwa mchezo wangu.

Alikuja Papa Asumani, mfanyabiashara wa mpunga kutoka Wamaza. Mama yake, Koko Salima, ni mzee sana, hatoki tena nyumbani. Ana watoto sita, na hao sita wamemzalia wajukuu thelathini. Wengine wako Wamaza, wengine Kindu, wengine Lusangi, hajawahi kuwaona wote mahali pamoja. Alitaka karatasi moja yenye wote.

Na alikuwa na sababu nyingine, ambayo Papa Asumani alinieleza huku akitazama pembeni. Yeye na dada yake, Mama Feza aliyeolewa Lusangi, walikuwa hawasalimiani tangu misimu miwili ya mpunga. Ugomvi ulikuwa juu ya mbuzi walioingia shambani, na nani aliwaacha. Koko Salima aliwaambia: "Nataka kuwaona kwenye karatasi moja. Mukishindwa kukaa pamoja kwenye karatasi, basi muniambie nijue." Mama Feza alikubali. Lakini foto za nyumba yake alizituma kwa motari, maana hakutaka kumpa kaka yake mkononi.

Kwa hiyo Papa Asumani aliniletea kadi ya kumbukumbu ya simu yenye dosie sita, kila nyumba na dosie yake. Nilimuuliza kama tupange kwa ukubwa. Akasema hapana, mama amesema tuwamwage tu kama mpunga juani, wote ni wake. Nilifurahi, kazi imepungua. Niliingiza dosie zote sita kwenye mashine, halafu kwa amri ya cp nikanakili nyumba moja moja kwenda dosie mpya niliyoiita zote. Nyumba ya Feza, cp. Nyumba ya Asumani, cp. Vivyo hivyo mpaka ya sita.

Sita na thelathini ni thelathini na sita, sita kwa sita, hesabu nzuri kama imeshonwa. Nikaandika amri. Karatasi ikatokea kwenye kioo, na chumba cha mwisho chini kulia kilikuwa kitupu. Cheupe kabisa.

Hapo, wadogo zangu, ndipo mtu mwenye akili anaacha kila kitu na kujiuliza uso mmoja umekwenda wapi. Yaya Zubeda hakuwepo, alikuwa anapiga foto kwenye shule moja. Papa Asumani alikuwa mlangoni, motari wake amekwisha kuwasha pikipiki.

"Weye mutoto, iko tayari?"

"Dakika mbili, papa."

"Mvua iko nakuja. Dakika mbili ya Kasongo ao ya kweli?"

Nikawaza: labda walihesabu vibaya, watu wengi wanahesabu vibaya. Na nikawaza: shimo kwenye familia ya watu linaonekana vibaya. Kwenye mashine kulikuwa na foto yangu ya shule, ile ambayo nimecheka meno yote nje mpaka sekretere akaikataa. Faili lake linaitwa mimi.jpg. Nikaliingiza. Kwa alfabeti likaingia katikati, baada ya Mariamu, kabla ya Mwamini, kama mtoto wa nyumbani. Nilicheka peke yangu. Nikachapa. Papa Asumani hakuwa na miwani. Alihesabu vyumba kwa kidole, akaona vimejaa, akakunja karatasi, akaenda.

Nilitembea na kicheko hicho siku tatu.

Siku ya nne simu ya Yaya Zubeda ililia, akaiweka kwa sauti kubwa kwa sababu mikono yake ilikuwa na wino. Ilikuwa siku ya Ijumaa.

"Ni studio ya Kasongo? Mimi ni Feza. Nilitoka Lusangi nikakuja hapa Wamaza kwa mama, kuona ile karatasi. Naangalia mara moja, naangalia mara mbili. Mutoto wangu Salima haiko. Asumani aliwaambia nini? Aliwaambia mumutoe?"

"Mama Feza, pole, hatuwezi kumutoa mutu," yaya akasema.

"Hamuwezi? Salima wa Asumani iko. Salima wa Kindu iko. Wangu peke yake haiko. Na pale katikati mumeweka kijana mwanaume, meno inje kama mbuzi anakula chumvi. Huyu ni nani? Ni wa nyumba gani? Muambieni Asumani nimeelewa. Jumapili, siku ya Mungu, asubuhi narudia Lusangi, na hapa sirudi tena."

Simu ikakatika. Yaya Zubeda akanitazama. Mimi nikaitazama imprimante, ile mashine ya kuchapia.

Hakuuliza "nani". Alifuta mikono, akaketi kwenye dirisha jeusi, akaandika:

ls zote | wc -l

Hiyo inahesabu faili. Ikajibu 36. "Toa meno yako humo," akasema. Nikayatoa. Ikajibu 35. Halafu akahesabu zile dosie sita za asili, moja baada ya nyingine: zikatoa 36. Akaendelea kusoma majina taratibu, kidole kwenye kioo, mpaka akafika kwenye Salima.

Mnajua kwetu. Mtu akimpenda mama yake, anampa binti yake jina la mama. Watoto sita wa Koko Salima wote wanampenda mama yao, au wanaogopa kuonekana hawampendi. Kwa hiyo kulikuwa na wajukuu watano wanaoitwa Salima. Mmoja aliandikwa sali, mmoja salima_kindu, mmoja salima_mkubwa. Lakini nyumba ya Feza walikuwa na salima.jpg, na nyumba ya Asumani walikuwa na salima.jpg. Nilimuingiza wa Feza kwanza. Nilipomuingiza wa Asumani, mashine ikamkuta mtu wa jina lile pale, ikamfuta, ikamkalisha mpya. Haikuuliza. Haikukohoa hata kidogo.

"Amri ya cp haiulizi mpaka umuambie iulize," yaya akasema. "Ungeandika cp -i, ingekuuliza: kuna Salima hapa, nimufute? Lakini hiyo nakusamehe, ata mimi ilinipata Kindu. Ile sikusamehe ni ingine. Mashine ilikuonyesha. Ilikuachia chumba cheupe kabisa, kikubwa kama mulango. Ukakiziba na meno."

Nikavuta kiti, nikakaa karibu naye.

Tulibadilisha majina: salima_asumani, salima_feza. Fanyeni hivyo siku zote, jina la mtu halafu jina la nyumba. Tukahesabu kabla, tukahesabu baada. Yaya alichapa karatasi mpya, akaiviringisha ndani ya kipande cha bomba la maji, akaziba huku na huku kwa plastiki. Akanipa mimi lile bomba.

"Mimi?"

"Uso uliokwenda kule ni wa nani?"

Jumamosi alfajiri nilipanda pikipiki. Njia ya Wamaza siwaelezi, mtaijua wenyewe. Niseme tu kwamba mara mbili motari aliniambia nishuke nisukume, na mara ya tatu hakuniambia, nilishuka bila hiari. Nilifika alasiri, matope mpaka masikioni, bomba safi.

Uani walikuwa wote watatu. Koko Salima kwenye mkeka, karatasi ya kwanza juu ya magoti yake. Papa Asumani kwenye kiti upande huu, Mama Feza kwenye kiti upande ule, amewapa watu mgongo, kifurushi chake tayari kimefungwa. Nilisalimia. Koko akaniangalia, akaangalia karatasi, akaniangalia.

"Karibia," akasema. "Fungua mudomo."

Nikafungua.

"Ni yeye," akawaambia. "Nilisema huyu si wa ukoo. Kwetu hatuna meno mingi hivi."

Papa Asumani akaruka. "Sema, kijana! Sema mbele ya huyu dada yangu! Mimi nilikuambia umutoe mutoto wake?"

"Hapana, papa. Papa hakusema kitu. Ni mimi."

"Amekufundisha kusema hivyo kwa simu," Mama Feza akasema bila kugeuka.

Nikajaribu kueleza. Nilisema dosie, nilisema faili, nilisema cp, na niliona macho yao yanaondoka mmoja baada ya mwingine. Mama Feza akachukua kifurushi chake. Hapo nikaacha kueleza. Nikageukia nyuma ya nyumba, ambako watoto walikuwa wanacheza, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Salima!"

Wakatoka watatu mbio. Mkubwa mwenye ndoo, na wadogo wawili wa umri mmoja, wa Papa Asumani na yule Mama Feza aliyekuja naye, wamenyolewa sawasawa, vumbi sawasawa. Na pale kwenye mkeka Koko Salima mwenyewe akaitika: "Naam?"

"Mama Feza, tazama," nikasema. "Mimi niliita Salima mmoja. Wamekuja wanne. Ninyi mnajua kuwatenganisha. Mashine haijui. Mashine ina kiti kimoja kwa kila jina. Salima wako alikaa kwanza. Akaja Salima mwingine, mashine ikamuambia wako simama. Papa Asumani alikuwa mlangoni anaogopa mvua. Na mimi niliona kiti kimebaki kitupu, nikakaa mwenyewe badala ya kuuliza. Nisamehe."

Aligeuka. Aliwatazama wale watoto, ambao walikuwa bado wanasubiri waambiwe waliitiwa nini. "Ata yeye ameitika," akasema, akimuonyesha mama yake kwa kidevu, na mdomo wake ukaanza kumsaliti upande mmoja.

"Nimeitwa," Koko akasema. "Mutu akiitwa anaitika."

Nilitoa karatasi mpya kwenye bomba, nikaitandaza kwenye mkeka. Kwa majina mapya, mashine ilikuwa imewapanga Salima wote watano mfululizo, bega kwa bega. Ilikuwa kama mtu mmoja aliyepigwa foto miaka mbalimbali. Mama Feza akaweka kifurushi chini, akapiga magoti. Papa Asumani akatoa miwani mfukoni, siku hiyo alikuwa nayo, akapiga magoti upande wa pili.

"Huyu hapa wangu," Mama Feza akasema, kidole juu ya uso.

Papa Asumani akainama. "Huyo? Huyo ni wangu. Wako ni wa pembeni."

"Wewe! Mimi sijui mutoto nilizaa?"

"Na mimi sijui anayekula nyumbani kwangu? Angalia paji la uso."

"Paji ya mama hiyo! Wote wanayo! Angalia masikio."

"Masikio nayo ya mama."

Wakawaita wale wadogo wawili waje wajionyeshe wenyewe. Wa kwanza akaweka kidole. Wa pili akaweka kidole palepale. Ndugu hao wawili wakaanza upya, vichwa vyao karibu vinagongana juu ya karatasi, dada anamuita Ya Asumani, yaani kaka mkubwa, kaka anamuita Feza wee, sauti juu kama watu wasiokuwa na misimu miwili ya kunyamaza nyuma yao. Koko Salima aliwaacha. Aliniambia ninawe mikono, wali na sombe viko tayari.

Mimi nilikuwa najua. Mashine inapanga kwa alfabeti, na A iko mbele ya F: wa kushoto ni wa Asumani, wa kulia ni wa Feza. Nilikuwa ninalo jibu kwenye ulimi. Nikalimeza pamoja na tonge la kwanza.